Maji Niliyomnyima Kaka

Kazi yangu ni kulaza watu. Hapa Tarime wananiita dada wa usingizi, na watoto wa majirani zangu pale Nkende wanaamini nikimkazia mtu macho anaanguka. Ingekuwa kweli ningejikazia mwenyewe kwenye kioo kila Jumamosi, maana usingizi wangu mimi haujawahi kunitosha. Miaka zaidi ya ishirini nimekaa upande wa kichwani mwa kitanda cha upasuaji, wagonjwa wangu wengi wakiwa akina mama wa kujifungua, nikitazama presha, nikifungua dripu, nikifunga dripu. Mtu akiniuliza hasa nafanya nini humo ndani, namwambia napima maji: yanayoingia kwa mgonjwa na yanayotoka.

Kwa miaka miwili kazi hiyo niliifanya na nyumbani pia. Kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa wakala wa kutoa mizigo pale mpakani Sirari, aliugua figo zote mbili mpaka zikafa. Mkojo ukakatika kabisa. Mara tatu kwa wiki alikuwa anapanda gari kwenda Musoma kusafishwa damu kwa mashine, na huko wakampa sheria moja iliyotutesa ukoo mzima: nusu lita ya maji kwa siku. Ndani ya nusu lita hiyo kuna chai, kuna mchuzi, kuna maji ya kumezea vidonge. Asiyekojoa, maji anayokunywa hayana pa kwenda. Yanajaa miguuni, yanapanda mapafuni, na mtu anazama huku amekaa kwenye kochi.

Alihamia kwa mama, nyumba inayopakana na yangu, ili niwe karibu. Mkewe alibaki Sirari na duka na watoto wa shule, akawa anakuja Jumapili. Mimi nikaenda sokoni nikanunua kikombe cha bati, chekundu, nikakipima kwa bomba la sindano nililotoka nalo hospitali. Vikombe vitatu vilifanya nusu lita kasoro kidogo. Nikatangaza mbele ya mama na kaka kwamba ni vitatu, asubuhi, mchana na jioni, kisha nikabeba mtungi wa maji ya kunywa kutoka sebuleni kwa mama nikauhamishia kwangu.

Sikuwa mpole, na sitajifanya nilikuwa. Nilikuwa natoka kazini miguu imevimba, naingia kwa mama bila hodi, nachungulia kikombe na kuuliza, "Hiki cha ngapi?" Kaka, mtu wa miaka hamsini na ushee, aliyezoea kubishana na madereva wa malori wa nchi mbili, ananijibu huku ameangalia chini, "Cha pili." Mvua ikianza kupiga bati alikuwa anatoka sebuleni na kwenda kulala, amejifunika blanketi hadi masikioni, kwa sababu sauti ya maji ilimsumbua. Siku moja nilimkuta anafyonza kitambaa cha kunawia uso. Nilikichukua. Nilimtoa kaka yangu mkubwa kitambaa mdomoni, nikaenda kukianika.

Mama ndiye alikuwa mtihani mkubwa zaidi. Kwetu Wakurya mtu akiingia nyumbani anapewa obosara, uji wetu wa ulezi, mzito, wenye uchachu kidogo, kwenye kibuyu. Mgeni anapewa, mkwe anapewa, mtoto aliyetoka safari anapewa kabla hajaulizwa habari. Mama hana maneno mengi. Mapenzi yake yote yamo ndani ya kile kibuyu, na sasa mimi nilikuwa namwambia asimpe mwanawe mgonjwa. Alivumilia miezi mitatu.

Ijumaa moja kaka alirudi kutoka Musoma amechoka, midomo imepasuka, na mimi nilikuwa zamu. Mama akampa kibuyu kizima. Jumamosi akampa viwili. Jumapili mchana nilifika nikamkuta kaka ameketi kitandani, ameshika magoti, anavuta hewa kwa mdomo wazi, povu la rangi ya waridi linamtoka pembeni mwa midomo. Nilijua ninachokiona. Tulikodi gari, nikamshikilia yule mtu njia nzima hadi Musoma, mtungi wa oksijeni niliouazima hospitalini kwetu katikati ya miguu yangu, mama amekaa kiti cha mbele amegeuka nyuma anatazama. Aliponea chupuchupu.

Ungedhani ingetosha. Wiki mbili baadaye nikamkuta anamnyooshea tena kibuyu kidogo. "Umo chini tu," akasema, "cha kulainisha koo." Nilikinyakua mkononi mwake, nikaenda mlangoni, nikaumwaga ule uji uani. Kuku wakaja mbio. Kumwaga obosara ya mama yako, mbele ya mwanawe, mchana kweupe, kwetu ni jambo la kuitiwa kikao cha ukoo. Mama aliutazama ule uji ukiliwa na kuku. "Sawa," akasema. Kisha akachukua ufagio.

Tangu siku hiyo hakukuwa na askari mkali kuliko mama. Kile kikombe chekundu alikifungia kabatini na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge. Akawa anampimia kaka mwenyewe, hadi mstari. Nami nilifurahi. Nakiri nilifurahi, maana nilipata mtu wa kunisaidia kazi.

Habari ya kupandikizwa figo ilipokuja, nilipimwa mimi kwanza. Presha yangu ikanikatalia. Akapimwa mdogo wetu, kitinda mimba, ambaye ameolewa Robanda, kando ya hifadhi, analima mtama na mahindi na kugombana na tembo. Huyo akakubalika. Wakwe zake walikaa vikao viwili, na mwishowe wakasema wameridhia. Lazima niseme kwamba kaka alimuoa mkewe kwa ng'ombe waliotoka kwa mdogo wetu huyu. Ndivyo tunavyofanya, dada akiolewa ng'ombe wa mahari yake wanamwolea kaka, na dada huyo ana haki ya kumtania hadi kaburini. Basi alipopewa majibu alimpigia kaka simu. "Mke nilikuletea mimi," akamwambia. "Sasa nakuongezea figo. Bado unataka nini kwangu, nije nikuchotee na maji?" Kaka alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu siku za likizo nilizobakiza.

Hospitali iliyowapokea iko mbali na kwetu, siku nzima na ziada kwa basi. Bahati yangu ilikuwa moja tu: daktari bingwa wa usingizi wa pale ndiye aliyenifundisha kazi zamani, na alikuwa bado ananikumbuka kwa ubishi. Akaniruhusu kuingia siku ya upasuaji. "Utasimama ukutani," akaniambia. "Hugusi kitu, humshauri mtu. Leo wewe ni ndugu wa mgonjwa." Nikaapa.

Mdogo wetu alipelekwa chumba cha pili. Alipokuwa anasukumwa alinipungia mkono kama mtu anayekwenda mnadani. Kaka yeye alikuwa amesafishwa damu jana yake, amekaushwa vizuri, hana maji ya ziada hata kidogo. Mkono wake wa kushoto, wenye mshipa wa mashine, waliuzungushia kitambaa ili mtu asije akausahau akaupima presha. Walipomlaza, wakaingiza mpira shingoni, kwenye mshipa mkubwa. Ndipo dripu zikaanza.

Chupa ya kwanza ilikuwa ya nusu lita, na iliisha haraka. Niliitazama ikiisha, nikasema moyoni, hiyo ni leo yake nzima. Wakatundika ya pili. Hiyo ni kesho. Ya tatu ikawa keshokutwa. Mtu mzima, fundi wa dripu, nilikuwa nahesabu kwa siku, lita zimenipotea kabisa.

Si kwamba sikujua. Figo ikitolewa kwa mtu kuwekwa kwa mwingine, inakaa muda bila damu, kwenye barafu. Ikishaunganishwa na vile vibanio vya mishipa vikaachiliwa, damu ya mwenyeji inaingia kwa mkupuo. Ikimkuta mwenyeji mkavu, presha iko chini, figo inagoma, na pengine isiamke tena. Kwa hiyo mtu wa usingizi anamjaza mgonjwa mapema. Akimjaza kupita kiasi, mapafu yanalowa na mgonjwa anarudi kwenye ile Jumapili yetu. Kati ya hayo mawili kuna njia nyembamba, na bingwa alikuwa anaipita bila haraka, anasikiliza kifua, anatazama namba kwenye mashine, anaongeza, anasikiliza tena. Nilimwona anavyofanya. Kazi hiyohiyo mimi ningeweza kumfanyia mke wa mtu yeyote Tarime nzima.

Ilipotundikwa ya nne sijui kilichonipata. Nilikuwa ukutani, kisha sikuwa ukutani tena. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kale kagurudumu ka kufungia dripu na nilikuwa nimeshakabana. Nikasikia sauti yangu inasema, "Inatosha jamani, mtamuua."

Bingwa hakupaza sauti. Alinishika kiganja, akakiondoa, akafungua dripu tena. "Dada," akaniambia, "yule uliyemzoea hakuwa na figo. Huyu tunamletea figo, inakuja na kiu, na wewe unamfungia bomba." Nikarudi ukutani nimeloa jasho. Nilitamani sakafu inifunike.

Baadaye daktari wa upasuaji akauliza, "Presha?" Bingwa akamjibu kwamba iko vizuri, aendelee. Vibanio vikaachiliwa. Nilinyanyua shingo nikaiona figo ya mdogo wetu ikiwa ya kijivu, rangi ya ini lililolala buchani, kisha ikaanza kubadilika, ikawa ya waridi, ikajaa. Hawakuwa hata wamemaliza kushona mrija wake wakati tone la mkojo lilipodondoka kwenye kitambaa. Mmoja wao alicheka. Mimi nililia ndani ya barakoa mpaka ikanata usoni.

Wodini walimfanyia hesabu ya saa kwa saa. Alichokojoa saa hii, walimrudishia kwa dripu saa inayofuata, siku nzima na kesho yake. Kaka alikuwa anautazama mfuko wa mkojo kama mtu anayetazama shamba lake. Mdogo wetu alitembezwa hadi kitandani kwake, ameinama upande mmoja, akaangalia ule mfuko. "Inafanya kazi kuliko mimi," akasema. Akarudi kulala.

Tulikaa kule chumba cha kupanga hadi madaktari waliporidhika, kisha tukarudi Tarime mwishoni mwa mwezi wa sita. Mdogo wetu alikuwa ameshatangulia Robanda. Kaka aliandikiwa dawa za kumeza kwa saa, na maji lita tatu kila siku, anywe hata kama hana kiu. Nilinunua jagi la plastiki la lita tatu, lenye mfuniko. Asubuhi ya kwanza nikasimama mlangoni kwa mama, begi begani, gari la kazini linapiga honi. "Mama, sasa mambo yamebadilika. Anywe. Jagi hili liishe kila siku."

"Sawa," mama akasema.

Nilipaswa kuikumbuka ile sawa. Niliwahi kuisikia.

Kila jioni nilipita, nikafunua jagi, nikakuta tupu. Niliangalia jagi kama nilivyokuwa naangalia kikombe. Mwezi huo mwenzangu alikuwa likizo, hospitali nzima nilikuwa peke yangu wa usingizi, nalaza mmoja nikiwa namfikiria wa pili. Nikimaliza kutazama jagi nilienda kwangu kuweka miguu kwenye beseni. Jagi nililitazama vizuri sana. Kaka sikumtazama.

Wiki ya tano kipimo cha figo kikapanda, dalili kwamba inazidiwa. Daktari wa kule akanipigia simu, akauliza kama mgonjwa anakunywa maji. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba anakunywa lita tatu, jagi naliona mwenyewe, na kazi hii ninaijua. Akasema turudie baada ya siku tatu. Tukarudia, kikapanda zaidi. Akasema huenda mwili umeanza kuikataa figo, tujiandae kwa safari. Nilimpigia simu mdogo wetu. Akauliza, "Yangu?" Nikasema, "Ndiyo, yako." Alikata simu bila kuaga.

Jumamosi mchana nikaenda kwa mama kufunga nguo za kaka. Suruali zake zilikuwa kambani, nyuma ya jiko, nikazunguka kuzianua. Ndipo nilipouona mchicha wa mama. Ulikuwa mwezi wa nane, Nkende yote vumbi jekundu, bomba linatoka mara moja kwa wiki, na mchicha wangu mimi ulikuwa umekufa siku nyingi. Wa mama ulinifika magotini. Majani mapana, ya kijani cha kutisha, na udongo chini yake umelowa saa tisa ya mchana. Niliingiza kidole ardhini hadi kifundo cha pili. Kikatoka na tope.

Nikaingia ndani na suruali mkononi. "Mama, ule mchicha unaumwagilia nini?"

"Maji."

"Maji ya wapi?"

Mama alikuwa anachambua ulezi kwenye ungo, hakuinua uso. "Ninampa vitatu," akasema. "Kama ulivyonifundisha."

"Nilikwambia jagi lote anywe yeye! Mama, nilikwambia!"

"Uliniambia mengi." Sasa akaweka ungo chini. "Ile Jumapili, wewe ulikuwa umemshika, ulikuwa na kazi ya kufanya. Mimi nilikuwa natazama tu. Nilimpa kwa mkono huu, na nikaona lile povu. Ukaja ukaumwaga uji wangu, nikasema sawa, mtoto anajua, nimekosa. Halafu siku moja unakuja na begi begani, gari linapiga kelele, unaniambia nimpe ndoo nzima. Hukukaa hata chini."

"Usimgombeze mama," kaka akasema kutoka chumbani. Akatoka polepole, ameshika ukuta. "Mimi ndiye niliyemwambia amwage, ili ukija ukute tupu. Mama angekuonyesha jagi limejaa."

"Kwa nini, kaka?"

"Siwezi. Nikinyanyua glasi ya pili nakusikia wewe pale mlangoni. Hiki cha ngapi."

Nilimshika mkono, nikaifinya ngozi ya nyuma ya kiganja, ikabaki imesimama. Nikamwambia atoe ulimi, ulikuwa mkavu umepasuka. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeliona lile. Mimi nilipita pale kila jioni wiki tano, nikaona jagi.

Tulipanda bajaji hadi hospitalini kwetu. Nikampigia yule bingwa wangu, nikamweleza yote, na mchicha nikautaja. Akashauriana na daktari wa figo, akarudi kwenye simu. Inawezekana ni kiu tupu, akasema, na kama ni kiu, dripu itatuambia. Nimtundikie, nifungue, nisikilize kifua kila chupa, nipime kila anachokojoa. Kesho kipimo kisipoteremka, tuondoke siku hiyohiyo, na hatanidanganya kwamba kutakuwa na cha kuokoa.

Nikatafuta mshipa mkono wa kulia, nikaupata mara ya kwanza. Chupa ikaning'inia. Kidole gumba changu kikakaa juu ya kale kagurudumu na hakikusogea. Simu nilikuwa nimeibana begani.

"Umefungua?" bingwa akauliza.

"Nafungua."

"Dada. Fungua."

Nikafungua. Matone yakaungana, yakawa mstari. Chupa ya kwanza ilipoisha niliweka kifaa cha kusikilizia mgongoni kwa kaka, chini kushoto, chini kulia, nikamwambia avute pumzi. Mapafu yalikuwa makavu. Nikatundika ya pili, ile kesho yake. Nikasikiliza. Nikatundika ya tatu, keshokutwa. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi upande wa miguuni, macho kwenye matone, midomo inacheza. Alikuwa anahesabu na yeye. Mkojo alioutoa kaka hadi jioni ungejaa kikombe kimoja cha chai, mweusi, na dada wa zamu akanifukuza nikalale.

Asubuhi mdogo wetu akaingia. Alikuwa ametoka Robanda kwa pikipiki hadi Mugumu, akapata gari la kwanza, na vumbi la njia nzima lilikuwa kwenye nyusi zake. Tembo walikuwa wameingia shambani kwake wiki hiyo, mtama aliokuwa ameuacha ukauke walikuwa wameula na mwingine wakaukanyaga. Akamsalimia mama shikamoo, mama akaitikia, lakini hakukaa. Alitaka aambiwe nini kimetokea. Nikamwambia kila kitu, kikombe, jagi, mchicha. Nikamwambia na yangu, kwamba niliyewatia hofu ni mimi, na kwamba nilipotakiwa kuwatoa hofu sikupata hata dakika tano.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaenda kusimama mbele ya mama, akapandisha blauzi upande mmoja, akaonyesha kovu. Mama alikuwa hajawahi kuliona. Mdogo wetu alikuwa amelificha ili asimtie simanzi.

"Mama, hapa ndipo waliponitoa," akasema. "Figo ipo pale kwa kaka, lakini ni mimi bado. Nyama yangu. Mimi ndiye niliyekaa na kiu nyumbani kwako wiki tano."

Mama aliweka kiganja juu ya lile kovu. Alikaa hivyo muda mrefu, anapapasa kutoka juu hadi chini, kama anatafuta mwanzo wake. Halafu akainuka, akachukua glasi iliyokuwa juu ya kabati la kitandani, akaijaza hadi ikamwagika vidoleni.

"Mura, kijana wangu," akamwambia kaka, "mpe mdogo wako maji."

Kaka akanywa. Mama akajaza tena, akashika glasi mwenyewe, mkono wa pili nyuma ya shingo ya kaka, kama anavyonyweshwa mtoto. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilihisi lile swali langu linakuja mdomoni, nikatoka nje kwenye korido nikasimama huko.

Saa tano kaka akaomba chupa ya mkojo. Akaijaza. Baada ya saa moja akaijaza tena, na sasa mkojo ulikuwa mweupe. Kipimo cha mchana kiliteremka kidogo, cha kesho yake kikateremka sana, na wiki ilipokwisha kilikuwa karibu na pale kilipokuwa tulipotoka kule mbali. Bingwa aliniambia tulikuwa tumebakiza siku chache kuipoteza figo. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Siku hizi kaka amerudi Sirari, anakwenda kazini nusu siku, na chupa yake ya maji imening'inia shingoni kwa kamba. Wenzake wanamtania kwamba amekuwa mtoto wa chekechea. Mdogo wetu anampigia simu kila jioni, anauliza, "Nimekunywa?" Kaka anamjibu, "Umekunywa." Kikombe chekundu sijui kiko wapi, nami sijauliza.

Mwezi uliopita nilitoka kazini mchana nimelaza akina mama wanne mfululizo, mmoja wao nusura anitoke mkononi. Sikutaka kula, sikutaka kuongea na mtu, nilitaka kitanda. Mama aliniona napita uani kwake, akaniita. Alikuwa ameketi mlangoni na chungu cha obosara. Nikakaa chini, kwenye ule mlango nilipoumwagia uji wake, na maneno yakanitoka kabla sijayapanga. "Mama, ule uji. Nisamehe."

Alifanya kama hajasikia. Akachota, akajaza kibuyu, akaninyooshea. "Huu usiumwage."

Nilikunywa. Tumbo lilikuwa halina hamu, lakini nilikunywa hadi ulezi wa chini, ule mzito. Nikamrudishia kibuyu kwa mikono miwili. Akakigeuza juu chini, akakitikisa, akangoja kuona kama kuna tone litakalodondoka. Halikudondoka.

"Hiki cha ngapi?" akaniuliza.

"Cha kwanza, mama."

Akakijaza tena.